Siku Kuu Kazini: Kikao cha Mafikiri Katika Historia ya Kindu

Tukisema mila, wengi wanafikiri ngoma, kutahiri, mahari na kilio. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Kuna mila nyingine ambazo hazikuzaliwa kijijini. Zilizaliwa kwenye reli, bandarini, kwenye biro za serikali, shuleni na hospitalini. Babu zetu walizikuta wakiwa vijana wa kazi, baba zetu wakazigeuza, na sisi tumezipokea bila kuuliza zilitoka wapi.

Moja ya mila hizo ni kikao wanachofanya wafanyakazi siku chache mbele ya siku kuu. Kila mtu wa Kindu aliyefanya kazi ya mshahara anakijua. Ikikaribia 8 Machi, 30 Aprili ya walimu, 1 Mei au 30 Juni, wanaitwa wote wa kazi moja. Viti vinapangwa, mkubwa anafungua, mmoja anaeleza maana ya siku na neno kuu la mwaka huo, watu wanauliza maswali. Kisha wanaingia katika mambo ya kikwembe, ya mchango, ya chakula, na ya defile. Wengine wanakiita kikao cha mafikiri, wengine wanasema mkutano tu, wengine wanachukua neno la Kifaransa na kusema kozeri.

Leo vijana wengi wanaona kikao hiki ni kupoteza wakati. Wanasema: « Tuvae kikwembe, tupite mbele ya wakubwa, tukule, tukunywe, iko mwisho. » Na tukitazama jinsi vikao vingine vinavyoendeshwa, hatuwezi kuwalaumu sana. Lakini mti haukatwi kabla ya kujua nani aliupanda. Tufuate basi historia ya kikao hiki, hatua kwa hatua, tuone kilitoka wapi na kilikuwa na bei gani.

Baraza kabla ya kampuni

Watu wa Maniema hawakungoja mzungu awafundishe kukaa na kusemezana. Warega walikuwa na lusu, nyumba ya wanaume katikati ya kijiji, mahali pa kupokea wageni, kula pamoja na kukata maneno. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa pwani walipofika Nyangwe na Kasongo, walikuja na lugha hii tunayoiandika na pia na neno baraza. Neno likabaki. Hata leo mzee akisema « twende baraza », kila mtu anaelewa: kuna neno la kukatwa.

Kanuni ya baraza ilikuwa moja: neno linatangulia chakula. Kwenye arusi, kwenye kilio, kwenye kupatanisha jamaa mbili, sahani hazitoki mpaka wenyeji waseme kwa nini watu wameitwa, na waliokuja wajibu. Aliyekula bila kusikia neno alihesabiwa kama mpita njia. Tusidanganyane hata hivyo: baraza la zamani lilikuwa na mipaka yake. Mara nyingi wanawake na vijana hawakupewa nafasi ya kusema, walisikia tu matokeo. Tutarudi kwenye jambo hili tukifika 8 Machi.

Reli, kengele na posho

Kampuni ya reli, CFL, iliyoanzishwa na tajiri wa Ubelgiji Édouard Empain mwaka 1902, ndiyo iliyoufanya Kindu kuwa mji wa kazi. Kwanza ilijenga njia kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mpaka Ponthierville, ndiyo Ubundu, kwa sababu ya maporomoko ya mto. Njia hiyo ilimalizika mwaka 1906. Kutoka Ponthierville mashua zilipanda mto mpaka Kindu. Hapa maji yanakuwa mabaya tena kuelekea juu, basi reli nyingine ikajengwa kutoka Kindu mpaka Kongolo, ikamalizika mwaka 1910. Mwaka 1915 njia ya Kabalo ikafika ziwani Tanganyika. Kindu ukawa mahali ambapo mashua na treni vinakutana, na jina lake la kizungu likawa Port-Empain.

Kwa njia hiyo watu wa makabila mbalimbali wakajikuta katika kambi moja: Wagenia wa mtoni, Wakusu, Warega, Wasongola, Wazimba, Wabangubangu na wengine waliotoka mbali zaidi. Kilichowaunganisha ni kengele ya asubuhi, kapita, posho ya kila juma, na Kiswahili. Siku ya kupumzika haikuwa tena siku ya soko au ya mavuno. Ilikuwa siku iliyowekwa na kampuni na serikali.

Siku kuu kubwa ya ukoloni ilikuwa 21 Julai, siku ya Ubelgiji, kwa ukumbusho wa mfalme wao wa kwanza aliyeapa mwaka 1831. Bendera ilipanda, askari walipiga defile, kulikuwa na michezo na watu wakagawiwa kitu cha kula. Mfanyakazi aliitwa kufurahi. Hakuulizwa lolote. Hapo ndipo tulipata mila ya sherehe bila neno, na imetufuata kwa muda mrefu.

Mabadiliko hayakuletwa na huruma, yaliletwa na mapigano ya wafanyakazi wenyewe. Wakati wa vita ya pili ya dunia kazi ilizidi, bei zikapanda, mishahara ikabaki palepale. Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, waligoma. Walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira kungoja jibu, na askari wakawapiga risasi. Novemba 1945 kukawa na mgomo na damu tena kwenye bandari ya Matadi. Mwaka 1946 serikali ikaruhusu Waafrika kuwa na sendika, chini ya ulinzi mkali, na ikaagiza kampuni ziwe na baraza za wafanyakazi weusi pamoja na mkubwa wa kazi.

Baraza hizo zilikuwa za kutoa shauri tu. Mzungu ndiye aliyekalia kiti, na aliweza kusikia na kisha kutupa neno. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza sheria kutambua kwamba mtu anayebeba mzigo anaweza pia kuwa na neno juu ya nyumba yake, posho yake na saa zake za kazi. Kikao cha kazini kina mzizi wake mmoja pale.

Siku kuu zilizozaliwa mkutanoni

Sasa tutazame siku kuu zenyewe. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri: karibu zote tunazosherehekea kazini zilizaliwa mkutanoni.

1 Mei ilianza Marekani. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wengi waligoma wakitaka kazi isizidi saa 8 kwa siku. Tarehe 4 Mei, mjini Chicago, kwenye mahali panapoitwa Haymarket, walifanya mkutano wa usiku. Bomu likatupwa, polisi wakapiga risasi, watu wakafa, na baadaye viongozi 4 wa wafanyakazi wakanyongwa mwaka 1887. Mwaka 1889 mkutano wa wafanyakazi wa nchi nyingi uliofanyika Paris ukachagua 1 Mei iwe siku ya kudai saa 8.

8 Machi nayo ni mtoto wa mkutano. Mwaka 1910, mjini Copenhagen, wanawake zaidi ya 100 kutoka nchi 17 walikutana, na Mjerumani Clara Zetkin akatoa shauri kwamba kuwe na siku moja ya wanawake duniani. Tarehe yenyewe ilitiwa nguvu na wanawake wa viwanda vya Petrograd, Urusi, waliotoka barabarani mwaka 1917 kudai mkate na amani. Umoja wa Mataifa uliipokea siku hiyo katika miaka ya 1975 na 1977.

Turudi kwetu. 4 Januari, siku ya mashujaa wa uhuru, ilitoka wapi? Ilitoka katika mkutano uliokatazwa. Siku ya Mungu 4 Januari 1959, chama cha ABAKO cha Kasavubu kilitaka kukutana Léopoldville, ndiyo Kinshasa. Wakubwa wa mji wakakataa. Watu waliokuja kusikia wakarudishwa, hasira ikalipuka, na wengi wakauawa. Mwaka mmoja na nusu baadaye nchi ikapata uhuru. Na hiyo 30 Juni 1960 yenyewe tunaikumbuka kwa nini zaidi? Kwa hotuba ambayo haikuwa katika programu. Mfalme Baudouin alisema, Rais Kasavubu akajibu kwa adabu, kisha Lumumba akasimama bila kupangwa akataja kazi za nguvu, mapigo na mishahara isiyotosha chakula. Yeye alijua alichosema: kabla ya siasa alikuwa karani, alifanya kazi katika kampuni ya migodi hapa Maniema na baadaye posta ya Stanleyville.

Kwa hiyo, mtu anayesema kwamba kikao kinaharibu siku kuu amesahau mama aliyemzaa mtoto. Siku kuu hizi ni kumbukumbu ya watu waliotaka kukaa, kusema na kusikilizwa. Kuzisherehekea kwa bia na kikwembe tu ni kula chakula cha arusi bila kumuuliza bibi arusi jina.

Wakati wa kuimba

Baada ya mwaka 1965 kikao cha kazini kiligeuka sura. Chama cha MPR kilizaliwa mwaka 1967, na mwaka huohuo sendika zote zilitiwa ndani ya moja, iliyoitwa baadaye UNTZa. Mwaka 1971 nchi na mto vikapata jina la Zaire, ambalo pesa ilikuwa nalo tayari. MPR ikaweka kamati zake ndani ya kampuni na biro. Siku kuu mpya zikaja: 20 Mei ya chama, 24 Novemba ya serikali mpya. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika siku za mapumziko, hata mkristo alipaswa kwenda kazini kama siku nyingine.

Mobutu alirudi kutoka safari zake za China na Korea ya Kaskazini na mawazo ya makundi makubwa yanayoimba na kucheza pamoja. Ndiyo animasio. Karani, fundi wa reli, muuguzi na mwalimu walijifunza nyimbo za kumsifu kiongozi, wakacheza mbele ya bendera. Aliyekataa au aliyechelewa aliandikwa. Wazee wetu wakizungumza juu ya miaka ile wanacheka, maana nyimbo zilikuwa tamu na wachezaji walikuwa hodari. Lakini wakimaliza kucheka wanasema: « Tuliimba sana, lakini hakuna aliyetuuliza neno. »

Pia kulikuwa na salongo, kazi ya pamoja ya kufagia mji, kukata majani na kusafisha mifereji. Ilikuwa ya lazima, na kwa hiyo watu waliichukia. Ila kitu kimoja kilibaki: neno salongo lenyewe. Mpaka leo watu wa mtaa au wa kazi wakisafisha mahali pao pamoja, wanaliita jina hilo. Tunaweza kutupa amri na kubakiza kazi nzuri.

Mwaka 1988 Kivu ikagawanywa, Maniema ikawa jimbo, na Kindu mji wake mkuu. Biro ziliongezeka, na defile pia. Kisha, Januari 1990, jambo la ajabu likatokea. Mobutu alitangaza kwamba anataka kusikia mawazo ya watu juu ya nchi. Wale waliozoea kuimba wakakaa chini kuandika. Makundi ya wafanyakazi, walimu, wakubwa wa dini na watu wa serikali walipeleka barua zaidi ya 6,000. Nyingi zilisema wazi: tumechoka. Tarehe 24 Aprili 1990 chama kimoja kikafika mwisho. Hapo tunajifunza kwamba miaka mingi ya kuimba haikuua mafikiri. Yalikuwa yanangoja nafasi.

Vita na atelye

Nafasi ile haikudumu. Oktoba 1998 Kindu ukaingia mikononi mwa waasi wa RCD. Reli ikakatika, njia za porini zikafungwa, na mwaka 2002 mji ukazungukwa, watu wakashindwa kufika mashambani mwao. Treni ilirudi kuonekana mwaka 2004, baada ya amani ya 2003. Miaka ile siku kuu ilikuwa nini? Wengi walikuwa kazini kwa jina tu. Mshahara haukuja. Walimu waliishi kwa pesa za wazazi, na wafanyakazi wa reli walihesabu miezi bila kulipwa hata baada ya vita.

Kilichowasaidia watu si defile. Ni likelemba, ni kuchangia kilio cha mwenzako wa kazi, ni kupeana kikombe cha mchele. Mambo hayo yalipangwa wapi? Katika vikao vidogo vya watu wa kazi moja, chini ya mti au nyumbani kwa mmoja wao. Kikao bila bendera, bila hotuba, bila mkubwa. Pengine hicho ndicho kilikuwa kikao cha kweli kuliko vyote vilivyotangulia.

Kisha walifika askari wa MONUC na mashirika ya misaada. Walileta atelye: karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi, makundi madogo, kila kundi na msemaji wake. Tusiseme kwamba hakukuwa na faida. Mwanamke aliyekuwa akinyamaza mbele ya mkubwa alipata kusema katika kundi la watu 5. Lakini walileta pia ugonjwa: pesa ya transpoti. Watu wakazoea kuuliza kabla ya kukaa: « Kuko kitu? » Kikao kikawa kibarua. Na neno lililonunuliwa haliwezi kukaa moyoni.

Leo: nani anasema?

Kwa sheria 8 Machi si siku ya mapumziko katika Kongo, hata hivyo mwezi mzima wa Machi umekuwa mwezi wa wanawake. Tangu 1996 Umoja wa Mataifa hutoa neno kuu kila mwaka, na Kinshasa huongeza la taifa. Katika Kasuku, Mikelenge na Alunguli wanawake wa biro, wa shule, wa hospitali na wa soko hukutana kulizungumzia. Hapa lile pengo la baraza la zamani linajazwa: mama, ambaye zamani alisikia matokeo tu, sasa ndiye anayefungua neno.

Lakini mara nyingi neno kuu linafika kwa Kifaransa kigumu, linasomwa, watu wanapiga makofi, kisha saa mbili zinaishia kwenye rangi ya kikwembe na bei yake. Mama asiye na pesa ya kikwembe anaona haya, anakaa nyumbani. Siku iliyowekwa kwa ajili yake inamtupa nje. Hilo si jambo dogo.

Vikao vyema vinafuata njia ambayo wafanyakazi vijana wakristo wa JOC waliijua tangu wakati wa ukoloni. Padri Joseph Cardijn, mwanzilishi wake katika Ubelgiji, aliwafundisha vijana wa viwanda hatua tatu: kuona, kupima, kutenda. Njia hiyo haina dini moja, hata mwislamu wa Kasongo anaitambua, maana baraza la baba yake lilifanya hivyo. Kuona: mwaka huu, hapa kazini kwetu, ni nini kilitokea? Kupima: kwa nini, na ni haki? Kutenda: kila mmoja atafanya nini, na lini?

Wakubwa wengine watasema siku kuu ni ya furaha, malalamiko yangoje delege wa sendika. Ni kweli kwamba sheria ya kazi ya mwaka 2002 inatambua wajumbe wa wafanyakazi, na madai ya mshahara yana njia yake. Lakini kikao cha mafikiri si mahakama na si mgomo. Ni mahali ambapo mlinzi wa mlango na mkubwa wa biro wanasikia neno moja wakiwa wamekaa viti sawasawa. Mkubwa anayeogopa saa mbili za maneno kwa mwaka ajiulize anaogopa nini.

Tunashauri mambo matatu tu, yanayotoka katika historia tuliyoifuata. Kwanza, neno kuu litafsiriwe kwa Kiswahili chetu, tena lielezwe na mmoja wa wafanyakazi, si kila mara na mkubwa. Pili, wa chini waseme kwanza, mkubwa aseme mwisho, maana akitangulia wengine wanabaki kuitikia kama wakati wa animasio. Tatu, yaliyokubaliwa yaandikwe katika daftari, na mwaka unaofuata kikao kianze kwa kuyasoma. Tulisema tutasaidia wajane wa wenzetu: tumefanya? Tulisema choo cha wanawake kitatengenezwa: kiko wapi?

Daftari hilo halihitaji pesa ya mtu wa mbali. Linahitaji kalamu, na moyo wa kusoma tulichoahidi. Tukifanya hivyo, kikwembe kitavaliwa, defile itapita, wali na samaki wa mtoni vitaliwa kwa furaha, kwa sababu neno litakuwa limetangulia chakula, kama walivyotuachia wazee.